Hospes alifungua mlango

Eish, leo nimesahihisha Kilatini cha mteja huku namsuka!

Ni mwanafunzi Mkenya wa chuo hapa Durban. Kitabu magotini, akasoma kwa sauti: "Hospes ianuam aperuit." Akatafsiri: "Mgeni alifungua mlango."

Mikono ikanisimama.

"Mwanangu, hospes iko mgeni, iko pia mwenyeji. Angalia kitenzi. Mgeni anabisha hodi, hafungui."

Akageuka, msuko ukaniponyoka. "Auntie, umesoma Kilatini?"

Chuo kikuu, Lubumbashi. Watu saba, kamusi moja isiyo na jalada. Neno moja tulilibishania asubuhi nzima! Wenzangu wa darasa lile, mko wapi?

Mteja mwingine akagonga geti. Nikaenda kufungua.

Nyuma yangu msichana akacheka: "Hospes ianuam aperuit!"

Miaka yote hii Durban, hakuna aliyewahi kuniita mwenyeji.