Nilivyokwenda na kapu kwenye mashindano ya gofu, enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mjini na wa Kibamba kwa ndugu zangu.

Mie ni bibi wa miaka themanini na kitu, mhitimu wa ngumbaru kwa alama za juu ambazo hazijavunjwa mpaka leo. Nimesoma humu nyuzi nyingi za vijana wakisimulia ya kwao, nikasema na mie nitoe yangu. Ni ya kweli tupu. Pale nitakapoongeza chumvi mtaiona wenyewe, maana huwa naimwaga kwa kijiko.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, sie tulikuwa tunakaa Keko. Baba alikuwa fundi seremala. Penseli haikutokaga sikioni kwake, nadhani hata usingizini.

Kuelekea Temeke kulikuwa na kiwanja kidogo cha gofu cha wazungu, mashimo tisa. Jina lake siwatajii. Leo pamejaa nyumba, ukipita huwezi kujua.

Sasa sikieni jambo moja. Msidhani kila gofu ni nyasi za kijani kama mnazoziona kwenye TV. Pale kwetu, sehemu yenye shimo ilikuwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ili usipeperuke. Wazungu wakishakanyaga, lazima mtu apite na gunia kubwa, alivute juu ya mchanga mpaka ulale.

Huyo mtu ni mie. Binti wa miaka kumi na tano, mwembamba kama ufito.

Ukivuta gunia kila siku, mchanga unaujua kama uso wa mama yako. Unajua wapi unateremka, wapi unadanganya. Wazungu walikuwa wanapiga magoti, wanafumba jicho moja, wanakosa. Mie nimesimama pembeni na gunia langu najisemea, bwana, pitisha kushoto, mbona iko wazi.

Baba akanichongea fimbo ya mninga. Mchana wazungu wakienda kula, mie napiga. Mipira nilikuwa naokota majanini. Siku moja niliupiga mpira mmoja, kunguru wa Ubungo wakahama. (Kijiko hicho.)

Memsahibu mmoja akaniona. Yeye ndiye alikuwa anashika daftari la klabu, ana kofia pana ya kufunika familia nne za Keko. Nikajua kazi imeisha. Kumbe akasimama, akatazama, akasema, "Wewe, piga tena."

Nikapiga tena.

Basi akaniandika kwenye mashindano ya wafanyakazi. Yalikuwepo mara moja kwa mwaka, kwa wale wanaume wanaobeba mifuko ya fimbo za wazungu. Mwanamke hakuwahi kucheza.

Nyumbani ikawa ishu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na cherehani na alitaka nikajifunze kushona kwake.

"Mtoto wa kike anafukuza kiyai cha mzungu juani," akamwambia baba. "Kikianguliwa atapata nini?"

Baba akafikiri, akakata shauri kama anavyokata mbao, mara moja. "Acheze siku hiyo. Akishinda, aendelee. Akishindwa, ni cherehani, na fimbo ile nitaifanya mguu wa stuli."

Wakuu, sikulala siku tatu. Si kwamba nilikuwa naichukia cherehani. Ila ule mlio wa mpira ukikaa sawa kwenye fimbo, ule mlio mie nilikuwa nauota.

Sasa njooni kwenye aibu yangu.

Siku mbili kabla, Selemani, bingwa wa wabeba mifuko, akaniambia, "We binti, una handikapu? Memsahibu kasema bila handikapu huchezi."

Nikamwambia ninayo. Sitaki anione mshamba.

Nikaenda nyumbani nikipiga akili. Handi najua ni mkono, memsahibu alikuwa ananionyesha kila siku namna ya kushika fimbo, handi hivi, handi vile. Na kapu ni kapu. Kwa hiyo ni kapu la mkono, la kuwekea mipira. Mbona rahisi.

Nikachukua kapu la ukindu la mama, nikalifua, nikalianika.

Siku ikafika. Wanaume kumi na mmoja wamejipanga, na mie na kanga yangu na kapu langu.

"Muhogo umeleta mbichi au wa kuchoma?" mmoja akauliza.

"Muacheni," Selemani akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Hilo ndilo handikapu lake."

Memsahibu akafungua daftari. "Wewe iko handikapu gani?"

Nikamnyanyulia kapu. "Hili hapa, memsahibu. La mama."

Memsahibu alikaa chini kwenye nyasi, wakuu. Alicheka mpaka kofia ikaondoka na upepo. Alipopata pumzi akanieleza kwa Kiswahili chake: gofu anashinda mwenye mapigo machache, na handikapu ni mapigo unayopunguziwa mwishoni, ili mtu asiye hodari aweze kushindana na hodari. Selemani kapewa tisa. Kisha akaniambia, "Wewe iko mtoto, iko mwanamke, mimi nagawa kumi na mbili."

Hapo ndipo damu ya kiujana ilipochemka. Wamenicheka kapu, sasa wanipunguzie kama mgonjwa?

"Sitaki, memsahibu. Mchanga huu nafagia mie. Andika sifuri."

Akaandika sifuri.

Tukacheza. Nyasini walinipita kwa nguvu, sikatai, wale watu walikuwa na mikono kama makasia. Lakini tukifika mchangani, jamani. Mpira wangu ulikuwa unakwenda shimoni kama mtoto aliyeitwa kula. Kanga ilinifunguka mara tatu, mara tatu nikaifunga nikaendelea. Shimo la tisa nilitumbukiza kutoka hatua kumi. Leo nasema kumi, wajukuu huwa nawaambia ishirini.

Baba alikuwa kaja, penseli sikioni. Shangazi naye kaja, kusudi anichukue moja kwa moja kwenye cherehani.

Memsahibu akasoma. Selemani wa kwanza, arobaini na nane. Mie wa pili, arobaini na tisa.

Pigo moja.

Shangazi akanishika mkono taratibu, hata hakunicheka. "Haya mwanangu, umejitahidi. Twende."

Baba akasema, "Ngoja, dada." Akavua kofia yake. "Samahani memsahibu. Huyu Selemani, kabla hujampunguzia, alipiga ngapi?"

Memsahibu akatazama daftari. "Hamsini na saba."

"Na binti yangu?"

"Arobaini na tisa. Yeye nakataa kupunguza."

Baba akamgeukia shangazi. "Dada, ubao mfupi nikiuwekea tofali chini ukaupita mrefu, utasema umerefuka?"

Baba akaigusa penseli sikioni.

"Mie ni seremala. Napima ubao, sipimi tofali. Mtoto kashinda."

Wanaume wote wakamtazama Selemani, naye akakuna kichwa. "Mzee kapima sawa," akasema. "Kikombe nabaki nacho mie, sheria ni sheria. Lakini kapima sawa."

Shangazi akaniachia mkono. Akanitazama juu mpaka chini. "Basi lete hiyo kanga tuone. Huwezi kucheza mbele za watu inafunguka-funguka. Jumamosi uje nikupime, nikushonee sketi ya mifuko miwili mikubwa."

Hiyo ndiyo ikawa sare yangu ya kwanza. Kila Jumatatu memsahibu akawa ananiita tucheze wote. Mara ya nne nikamfunga, akaninunia hadi Alhamisi.

Funzo langu ni dogo. Neno usilolijua, uliza kabla hujalikataa. Mapigo yale kumi na mawili yalikuwa haki yangu kama ya wenzangu, ningeyachukua ningewaacha mbali mno. Na ukiambiwa umeshindwa, omba usomewe hesabu kabla haijapunguzwa.

Karibuni mchangie. Nani humu aliwahi kukataa nafuu kwa kiburi, na ikawaje? Nitawajibu wote, ila mnivumilie, natumia kidole kimoja.