Mtumbwi wa Asiyekuwepo

Mchezo wetu una sheria moja kubwa: tunafika wote au tunazama wote. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mume wangu aliuona mara ya kwanza kule msituni Masako, alipokuwa akiwapimia watafiti miti. Mvua ikinyesha, wanafunzi wa watafiti hao walikaa chini ya turubai wakicheza mchezo wa namna hiyo. Aliporudi alitutengenezea wa kwetu kwa kukumbuka tu.

Alichora mto kwenye ubao, kutoka Isangi hadi nyumbani kwetu mjini, akaugawa miraba. Mitumbwi minne ni vizibo vya chupa, kila kimoja na rangi yake. Nyuma yake unakuja uzi wa buluu: hayo ndiyo mafuriko, na yakimfikia mmoja tumezama sote. Kila mtu kwa zamu yake anasogeza mtumbwi wake na kufunua kadi. Ikiwa ya jua, uzi unatulia. Ikiwa ya mvua, unasogea. Kadi mbili tu ni za gogo, lile lililozama ambalo huwezi kuliona mpaka likugonge. Likikugonga una njia mbili. Ulazimishe mtumbwi upite, ufunue kadi nyingine, na ikiwa ya mvua umezama, nasi sote pamoja nawe. Au ushuke ukingoni uende kwa miguu, mraba mmoja mmoja, wenzako wakikungoja.

Tulikuwa wanne. Mimi na mume wangu. Rafiki yangu, mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, anayeuza sabuni na vitenge kwa jumla. Na mume wake, mzaliwa wa Yanonge, katikati ya njia hiyo ya mto, anayepeleka bidhaa za mkewe Isangi kwa baleniere, zile mashua ndefu za mbao zenye mota, na kurudi na mafuta ya mawese. Kila Jumapili baada ya misa tulikula lituma, ndizi zilizopondwa, kwetu, tukafuta meza, tukacheza. Mimi niliandika kila hatua kwenye daftari. Walinicheka sana.

"Anaandika sawa polisi," alisema yule wa Yanonge. "Andika pia chai yangu haina sukari!"

Lakini daftari lilikuwa na kazi. Kwa kuwa yeye alisafiri mara kwa mara, tulijiwekea desturi: mtumbwi wa asiyekuwepo hautolewi mtoni. Tunampigia kasia. Na hatumchezei tunavyotaka sisi, tunamchezea anavyocheza yeye. Tukikwama, tunauliza daftari.

Jumapili ile alikuwa safarini, akirudi kutoka Isangi. Tangu Ijumaa mji ulikuwa na habari moja: baleniere moja iliyotoka Isangi imepinduka karibu na Yanonge. Hakuna aliyekuwa na orodha ya majina. Simu yake haikupatikana. Mke wake alikuja kwetu baada ya misa kama kawaida, akakaa mahali pake, akaweka simu mezani uso juu.

"Tucheze," alisema.

"Yaya, leo hapana," mume wangu akamwambia, kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

"Mutumbwi yake iko pale. Niiache peke yake?"

Tukacheza. Alifunua kadi zake, kisha za mumewe. Gogo lilinigonga mimi. Nikalazimisha, nikafunua jua, nikapita. Gogo likamgonga mume wangu, naye akapita. Tulikuwa karibu na nyumbani wakati rafiki yangu alipofunua kadi ya mumewe, chini kidogo ya Yanonge.

"Gogo," nikasema, nikiandika.

"Pitisha," akasema rafiki yangu.

Nikarudi nyuma kwenye daftari. Kila mumewe alipogongwa, alishuka. Hapakuwa na mara hata moja aliyolazimisha.

"Anashukaka, yaya. Siku zote anashukaka."

"Leo anakuja nyumbani. Pitisha! Weye unamujua kuliko mie?"

"Hapana. Lakini ndivyo tulipatana."

Aligeuza simu, akairudisha uso juu. Nje mtu alikuwa akitwanga, na mchi ukasimama.

"Bon, sawa. Mushushe. Lakini akibakia kule, ni weye ulimuacha."

Nikakiweka kizibo chake ukingoni. Sisi watatu tukafika. Uzi ulisimama mraba mmoja nyuma yake. Ilibaki zamu yake, na hakuna aliyenyoosha mkono. Rafiki yangu akavua kitenge chake cha juu, akafunika ubao wote, kama mtu anavyofunika chakula cha aliyechelewa.

"Mutu asiguse."

Jioni nilisoma nilichoandika. Gogo langu. Gogo la mume wangu. Gogo lake. Kadi zilizotumika huwekwa kwenye kopo la maziwa, na hazirudi mpaka mchezo uishe. Nikamwaga kopo. Magogo yalikuwa mawili.

"Uliandika mara mbili," alisema mume wangu.

"Weye uligongwa?"

"Niligongwa."

"Na mimi niligongwa."

"Donc, basi la tatu..." alisema, akazirudisha kadi kwenye kopo.

Jumatatu na Jumanne tulikula mkekani. Niligundua kwamba sote wawili tulipita kando ya meza ile taratibu, kama mtu anavyompita mgonjwa aliyelala.

Jumatano yule wa Yanonge alifika. Aliletwa na toleka, baiskeli ya abiria, miguu imevimba. Mke wake alimleta kwetu kabla hajaoga. Alisema asubuhi ya siku ile ya ajali baleniere ilikwaruza gogo, chini ya Yanonge. Nahodha akasema si kitu. Yeye akaomba kushushwa, na abiria wakamzomea: "Mutoto ya Yanonge anaogopa maji!" Mama mmoja aliyeuza kwanga, ile mikate ya muhogo, alicheka kuliko wote. Mzigo wake na simu vikaendelea na mashua, nayo ikapinduka mbele kidogo. Alitembea. Yanonge mtandao ulikuwa umekatika. Kuvuka mto kutoka Lubunga, ng'ambo ya mji, alifumba macho. Yule mama wa kwanga, alisema, alibaki mashuani.

Mke wake akafunua kitenge.

Mumewe aliinama, akatazama kizibo chake. Hakukigusa.

"Nani alinishusha hapa?"

Mke wake alinitazama, kisha akatazama chini.

"Ni hapa," alisema mumewe. "Ni hapa kabisa."

Tukamaliza mchezo. Alitembeza kizibo chake ukingoni, mraba kwa mraba, mke wake akimfunulia kadi. Mvua, mvua, mvua. Uzi ulimfuata mraba mmoja nyuma mpaka mlangoni. Aliingia. Gogo halikutoka tena.

Sasa nahesabu kadi kila Jumapili kabla hatujaanza. Magogo ni mawili. Mume wangu, ambaye hapendi hesabu isiyokaa sawa, aliniambia nifute mstari mmoja wa gogo daftarini. Nilichukua kalamu, nikafungua ukurasa. Rafiki yangu akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Utafuta mustari ya nani?"

Nikaifunga kalamu.