Sajini na Fomu Mbili

Sajini huyu hunyoosha kila kitu isipokuwa neno lake. Huingia ofisi yetu ya mishahara kambini na buti zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia, akavua kofia na kuilaza mezani pangu taratibu, kama mtu anayelaza kitoto kichanga, kisha akaipangusa vumbi kwa kiganja. Sauti inayotetemesha uwanja wa gwaride hapa huwa ya mgonjwa: "Mama, hali ni ngumu." Imekuwa ngumu tangu ampe mkewe talaka. Barua ya mahakama kuhusu matunzo ya watoto ikifika, yeye yuko mafunzoni. Akirudi, yuko zamu. Zamu ikiisha, mgongo unamuuma. Jana nilimpa fomu mbili. Ya posho ya familia aliijaza mbiombio: watoto watatu, tarehe zao za kuzaliwa, hata shule wanazosoma. Ya pili ilikuwa ya kukubali makato ya matunzo kwenye mshahara wake. Penye idadi ya watoto akachora mstari, tena kwa rula.

"Sajini, wale watatu wa fomu ya kwanza wamekwenda wapi?"

Mkavu wa macho yule hakupepesa hata kope. "Wale ni wa posho, mama. Kwenye hii, watoto wana mama yao."

Akaokota kofia yake kwa mikono miwili, akatoka. Nilizibana fomu zote mbili kwa pini moja, na juu yake nikaandika "Kwa mkuu wa kikosi", kwa mwandiko mzuri kuliko wa sajini.