Mshale Mfupi Uko Kwenye Nane

Saa mbili kamili asubuhi. Mlango wa stoo ya ofisi ya elimu unafunguka kwa ugomvi, na mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani anaingia, stepla mkononi. Mbele yake yamepangwa maboksi arobaini na moja, boksi moja kwa kila shule ya wilaya.

Anachukua rundo la karatasi, analigonga mezani mara mbili linyooke, anapekua pembe zake kwa kidole gumba, kisha ka! Pini imeingia. Rundo jingine.

Ofisini wanamwita Dada Pini. Ana miaka thelathini na minne, aliishia darasa la saba, na kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa kupiga deki, kupeleka chai na kubana karatasi za mtihani wa wilaya wa darasa la nne zikishasahihishwa.

"Mimi sisahihishi, nabana tu," anasema. "Lakini macho hayana pazia."

Macho hayo ndiyo yaliyoiacha ofisi nzima mdomo wazi mwezi uliopita.

Ilikuwa Jumanne. Alipopekua rundo la shule ya kwanza, aliona alama nyekundu ya kosa imetulia mahali palepale, karatasi baada ya karatasi, haitikisiki. Rundo la pili, vilevile. La kumi, vilevile. Swali la ishirini na tatu.

"Darasa moja linaweza kukosa pamoja, labda mwalimu hakufundisha," anasimulia. "Lakini wilaya nzima? Hata wale vichwa? Nikasema hapa kuna jambo, na si la watoto."

Akalisoma swali. Kulikuwa na picha ya saa: mshale mrefu kwenye kumi na mbili, mfupi kwenye nane. Mwalimu aliingia darasani saa ngapi asubuhi? Watoto walikuwa wamechagua B, saa mbili. Kadi ya majibu ilisema A, saa nane.

"Nilikaa juu ya boksi, nikalisoma tena."

Wakati huo, chumba cha pili, kamati ya matokeo ilikuwa na siku ya pili kikaoni. Kati ya wanafunzi 6,212, waliokosa swali hilo walikuwa 5,870. Afisa wa mitaala alikwishapendekeza wiki sita za kipindi cha hadithi zifutwe, watoto wafundishwe saa upya. Na majina 318 ya watakaorudia darasa yalikuwa yasomwe Ijumaa. Wengi wao walipungukiwa alama moja.

Alama moja, Dada Pini anaijua. Miaka miwili iliyopita binti yake wa pekee alipata 49 mahali panapotakiwa 50, akarudia darasa la nne.

Akabeba sinia ya chai mpaka kikaoni. Mkuu wa Mitihani, mzee mcheshi mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamtania: "Dada Pini, leo chai imepitia shule ngapi kabla ya kufika?"

"Shikamoo, Mzee. Samahani, sasa hivi saa ngapi?"

"Marahaba. Saa nne na nusu. Kuna mtu anakusubiri?" Wakacheka.

"Na mshale mfupi uko wapi?"

Mzee akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Uko kati ya kumi na..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Afisa wa mitaala akadakia: "Hilo linahusu nini, dada yangu? Tuko kazini hapa."

"Ni swali la ishirini na tatu, Mama. Kadi inasema saa nane. Mwalimu wa kuingia darasani saa nane asubuhi mmemtoa wapi?"

Hakuna aliyegusa chai. Ilipoa hivyohivyo.

"Siku mbili tumekaa chini ya saa ile," Mzee akasema hatimaye, "tunaandika kwamba watoto hawajui saa."

Mtihani ulikuwa umetungwa kwa Kiingereza, kisha ukatafsiriwa. Swali lilihamia kwenye Kiswahili, jibu likabaki lilikotoka. Walimu nao husahihisha kwa kadi yenye matundu: unailaza juu ya karatasi, unapiga alama, unafunua nyingine. Swali halisomwi.

"Niliona, nikajitilia shaka mwenyewe," anakiri mmoja wao. "Kadi ikishasema, wewe ni nani?"

Ijumaa yalisomwa majina 97 tu. Kipindi cha hadithi hakikuguswa.

Lakini Dada Pini alikuwa amerudi stoo, akashusha maboksi ya miaka iliyopita. Swali lilikuwamo, miaka mitano mfululizo. Namba ilihamahama, ila picha ni ileile, na jibu ni lilelile. Katika boksi la miaka miwili nyuma alikuta mwandiko anaoujua. B. Alama nyekundu ya kosa juu yake.

"Ripoti iliandika, hajui kusoma saa," anasema, sauti imeshuka. "Nikaitungua saa ya sebuleni, nikamwekea mapajani. Akanisomea vizuri, kila nilipouliza. Badala ya kushangaa, nikamgombeza: mbona kwenye mtihani ulizembea?"

Jioni ile alimweleza yote. Binti alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

"Si nilikwambia najua?" akajibu. Baadaye kidogo akauliza, "Na wenzangu walioko darasa la sita, watanisubiri?"

Dada Pini akachukua kitambaa, akaanza kukausha vyombo.

Sasa ana ombi moja, na Mkuu wa Mitihani amelikubali: kila mtoto aliyerudishwa kwa alama ile aandikiwe barua. Wanakadiriwa kupita mia tisa. Atazibana yeye mwenyewe.

"Sitaki maneno mengi. 'Ulijua saa. Sisi ndio tuliokosea.' Basi."

Ya kwanza itakuwa ya binti yake. Anaulizwa, ya nini, ikiwa amekwishamwambia?

"Neno langu analo," anajibu, akinyoosha rundo jingine. "Nataka aone muhuri."