Msusi wa Sindo Aliyeona Ubongo wa Ndugu Yake

Mkia wa kitana unapita taratibu kichwani mwa mwanamke aliyeketi katika chumba kidogo mjini Sindo. Filister Akeyo anagawanya nywele, anasuka msuko mwembamba, anaacha njia hadi ngozi ionekane. Kisha mtafiti anamvisha mwanamke huyo kofia ya nyaya inayonasa umeme hafifu wa ubongo.

“Nywele zetu ni nzito. Zisipogawanywa, hizo nyaya zinakaa juu juu, hazishiki kitu,” asema Filister, 36.

Alikuwa akisuka sokoni hadi mwaka jana, Dkt Mellen Boke, mzaliwa wa Migori anayechunguza magonjwa ya akili, alipomwomba msaada. Alikubali kwa sababu ya Gordon.

Gordon, mdogo wake, alikuwa mvuvi. Miaka sita iliyopita alianza kusikia sauti za watu wasioonekana. Jamaa walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mwombezi mmoja alimfunga kamba, akamnyoa kwa nguvu. Dawa za kliniki zimezipunguza sauti hizo, lakini tangu siku aliyonyolewa hakutaka kuguswa kichwa.

“Nyaminwa, dada yangu, shika wewe,” alimwambia Filister alipokubali kupimwa. Filister alisuka huku machozi yakimtoka.

Spika iliyo kando yake ikaanza kulia: ti, ti, ti, to. Ubongo, aeleza Dkt Boke, hushtukia sauti inapobadilika hata kama mtu hasikilizi. Kwa wengi wenye ugonjwa kama wa Gordon, mshtuko huo huwa mdogo.

“Hatuwezi kumpima mtu mmoja hivi tukamwambia anaugua nini,” aonya. “Tunalinganisha watu wengi, tujue ubongo unatatizika wapi.”

Filister alikuwa amekodolea macho skrini iliyochora umeme wa ubongo huo kwa mistari.

“Gordon alifumba macho, mistari ikabadilika papo hapo! Nikasema, Nyasaye, Mungu wangu! Watu walikuwa wanasema kichwa chake ni tupu. Kumbe kazi yote hiyo iko ndani?”

Alimwita mama yao, Pamela. Mzee huyo alitazama skrini, kisha akauliza, “Kwa hivyo si chira?”

“Ni ugonjwa, Mama,” akajibu daktari. “Kama wa moyo ama figo.”

Pamela akamshika mwanawe mkono, asiuachilie hadi kipimo kikaisha.

Mwezi ujao watafiti wanaelekea Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Filister atawafunza wasusi wa huko. Gordon, ambaye hajatoka Sindo tangu augue, ameomba kwenda naye.

“Nitawaambia watakaopimwa kuwa haiumi,” asema. “Na nitawaambia jina langu. Sitajificha tena.”