Kwa Shangazi Dama Yumo Mtu

Nakumbuka Jumamosi moja ya kipindi cha Pasaka, mwanangu, na nikiikumbuka hadi leo hushusha macho, hata nikiwa peke yangu jikoni hapa mtaani Barani, Malindi. Watu husema mzee hana haya. Uongo mtupu. Mzee anazo aibu zake zote tangu ujana, ila amezoea kukaa nazo.

Nakueleza kwa sababu jana baada ya Misa nilikuona umekaa nje ya kanisa na daftari lako, unaandika nyumba ambazo Padre atakuja kuzibariki katika jumuiya yetu. Ukatibu umekukaa vyema, hongera. Lakini masikio yangu bado mazima. Nilimsikia mwenzio akikwambia, "Ile ya pembeni tuiruke," nawe ukafunua ukurasa mwingine. Nitairudia nyumba hiyo. Kwanza nisikilize, maana hata mimi niliwahi kuwa katibu, na hata mimi niliruka nyumba.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, huko kwetu bara ya Ganze. Nilikuwa nimebatizwa Pasaka ya mwaka uliotangulia nikaitwa Veronika, na aliyeniita Kadzo nilimwitikia shingo upande. Ukristo wangu ulikuwa kama kiatu kipya: ulinibana, lakini nilitaka kila mtu auone. Kwa kuwa nilijua kuandika vizuri, jumuiya ilinichagua katibu, na kichwa kikavimba zaidi. Ukinipa daftari siku zile ungedhani umenipa parokia nzima.

Aliyenilea ni Shangazi Dama, dada wa baba. Baba alifariki nikiwa bado mtoto wa mgongoni, mama akaolewa mbali, na Shangazi akanichukua, akanisomesha kwa mahindi na mihogo ya shamba lake. Hakuwa Mkristo. Hakuwa na ugomvi na kanisa, la. Nyonga yake ndiyo iliyogombana na njia. Ilikuwa mbovu, na kanisa letu dogo lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa mwenye miguu mizima. Lakini nilipokuwa nikikariri sala za mafundisho, yeye akipeta mahindi pembeni, alizishika kabla yangu, na nikikosea alinirekebisha bila kuinua macho kwenye ungo. Nilipobatizwa nikamwacha, nikahamia kwa jamaa karibu na kanisa.

Kwaresima ile aliniambia, "Padre wenu akija kubariki manyumba, naaingie na kwangu. Mie siwezi kumfuata. Yeye ana miguu."

Nikamjibu, "Ataingia, Shangazi. Mwenye orodha ni mimi." Nikaliandika jina lake mbele yake, la tatu kutoka juu, akaliangalia kana kwamba alijua kusoma.

Sasa jambo lililoniponza. Uani kwa Shangazi kulikuwa na koma mbili. Wewe umezaliwa mjini, pengine umezisikia tu: ni vipande vya mti tunavyowasimikia wafu wetu sisi Wagiriama, ili wasisahauliwe. Kimoja kilikuwa cha babu, kimoja cha baba yangu mzazi. Shangazi aliwavika vitambaa, na mavuno yakiwa mema aliwamwagia uji kidogo. Zikisimikwa hazing'olewi. Nilikua nikicheza kando yake na sikuwahi kuziona kuwa kitu cha ajabu, hadi nilipobatizwa na kuanza kuziona kwa macho ya watu wengine.

Na macho ya watu wengine, siku ile, yalikuwa ya Mama Tekla. Alikuwa mama wa mikoa ya bara, wa halmashauri ya parokia Malindi mjini, mwenye rozari ndefu na sauti ya kuamuru. Mwanawe alikuwa ametuma salamu za posa kwetu, na jibu lilikuwa bado. Wiki ya pili ya Pasaka Padre alipokuja kwetu, Mama Tekla alikuja naye kwenye gari la parokia. Nilipomwona akishuka na viatu vyake vyeupe kwenye vumbi letu, moyo wangu ukaanza kuhesabu kila kitu cha kwetu ambacho hakikuwa cheupe.

Maandamano yakaanzia palepale gari liliposimama kijijini kwetu. Mbele mimi na daftari langu, nyuma yangu Padre na Mwalimu Kazungu, katekista wetu mzee, akiwa amebeba ndoo ya maji yaliyobarikiwa katika mkesha wa Pasaka na kitita cha majani ya kunyunyizia. Wanakwaya wakaimba aleluya. Tukabariki nyumba ya kwanza, tukabariki ya pili. Baada ya hapo njia inagawanyika, na ukiwa pale paa la Shangazi unaliona juu ya ua wa minyaa, si hatua hamsini. Moshi ulikuwa unapanda jikoni kwake.

Padre alikuwa mgeni, hakuyajua manyumba. Akauliza, "Na pale?"

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Nikasema kwa sauti kubwa, ili Mama Tekla asikie vizuri, "Pale hapana mtu, Padre. Mwenyewe amesafiri." Nikashika njia ya kushoto.

Mwalimu Kazungu aliuangalia ule moshi, kisha akaniangalia mimi. Akahamishia ndoo mkono wa pili, akanifuata. Kwaya haikukatiza wimbo. Tukaenda kubariki nyumba tisa nyingine, na katika kila nyumba nilitangulia kupiga ishara ya msalaba, nikinyunyiziwa maji ya Pasaka usoni, na hapakuwa na tone lililonipoza.

Gari la parokia lilipoondoka alasiri, nikaenda kwa Shangazi. Nilikuwa nimetunga maneno njiani: kwamba Padre alichoka, kwamba jua lilikuwa kali. Nikafika mlangoni nikabisha, "Hodi!"

Nikarudia, "Hodi, Shangazi!"

Akaitika polepole kutoka ndani: "Yumo mtu."

Hakusema karibu. Alisema yumo mtu. Nikajua amesikia. Minyaa si ukuta.

Akatoka akijikongoja. Mbele ya mlango alikuwa ametandika mkeka mpya, na kigoda cha wageni juu yake. Kando palikuwa na beseni la maji limefunikwa kwa ungo, ya wageni kunawa na kuosha miguu. Na unajua maji ya Ganze wakati ule wa ukame. Bwawa lilikuwa mbali na limebaki tope katikati. Kwa nyonga ile hakuweza kujitwika ndoo, kwa hiyo alikuwa ameondoka alfajiri na mkongojo na dumu la lita tano, akarudi, akaenda tena. Haya aliniambia jirani baadaye. Yeye mwenyewe aliniambia tu, "Nawa, mwanangu, ule. Wageni wameghairi." Akaniletea wali wa nazi na kunde, chakula ambacho kwetu hakikupikwa ila kwa harusi na kwa wageni wakubwa.

Nikainua macho niangalie kitu kingine kisichokuwa uso wake, nikatazama uani. Koma hazikuonekana. Palikuwa na leso yake nzuri, ile ya pekee aliyoniahidi nitavaa siku ya posa, imetandazwa juu ya zote mbili na kufungwa vizuri chini.

Aliona naangalia. Akasema, "N'lizifunika tangu jana. N'likuona waona haya mbele ya wenzio. Nikasema, asiaibike mwanangu."

Basi alikuwa amenisitiri kabla sijamkana. Alikuwa amemfunika ndugu yake mwenyewe, baba yangu mimi, ili mimi nipite na kiburi changu kwa amani. Nami sikugeuza hata shingo kutazama. Nilikula ule wali, mwanangu, kwa sababu kuukataa kungekuwa tusi la pili. Nilitaka kusema nisamehe. Nikasema, "Kunde tamu." Ndivyo nilivyokuwa mwoga.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kwa Mwalimu Kazungu kabla ya ibada, nikamkuta anafagia sakristia. Nikamweleza yote, nikitumaini ataniambia nisali rozari tatu nikae raha. Aliegemea ufagio.

"Wamkumbuka Petro?" akaniuliza. "Yeye alimkana Bwana penye moto wa makaa, akiogopa mjakazi. Wewe ulimwogopa nani? Viatu vyeupe?"

Nikalia. Hakunibembeleza.

"Kwetu pia koma zipo," akasema. "Na mie jana n'liuona moshi nikanyamaza, kwa hiyo dhambi hii tumeibeba wawili. Lakini sauti ilikuwa yako. Ulisema mbele ya watu, utayaondoa mbele ya watu. Leo, wakati wa matangazo."

Nikamwambia Mama Tekla atasikia. Akasema, "Naasikie," akaendelea kufagia.

Wakati wa matangazo nilisimama. Daftari nililiacha kwenye benchi. Nikasema: "Jana nilimwambia Padre kwamba kwa Shangazi Dama hapana mtu. Nilisema uongo. Yupo. Ndiye aliyenilea, na nilimwonea haya." Nikakaa. Kikongwe mmoja nyuma akasema, "Haya, tumesikia," na Mwalimu Kazungu akaanzisha wimbo ili anisitiri. Siku ile ndipo nilipojua kwamba wazee wote wa kwetu kazi yao ilikuwa kunisitiri mimi.

Padre alirudi wiki moja kabla ya Pentekoste. Habari zilikuwa zimemfikia, na Mama Tekla pia, kwani naye alikuja. Safari hii maji ya beseni nilikwenda kuyateka mimi. Lakini tulipoingia uani nilikuta Shangazi amezifunika koma tena, kwa leso ileile. Mwenye kovu usidhani kapoa. Akanitazama kuona nitafanya nini.

Nikaenda nikaifungua ile leso kwa mikono yangu. Padre akauliza, "Hawa ni nani?"

Nikasema, "Huyu ni babu. Huyu ni baba yangu, Padre. Aliitwa Karisa."

Padre akasema, "Basi tumwombee Karisa na baba yake," akawaombea marehemu wetu, kisha akainyunyizia nyumba yote, mlango, jiko, na Shangazi mwenyewe kichwani hadi akapiga chafya. Mama Tekla alivua viatu vyake vyeupe akaketi mkekani, akaomba aongezewe kunde. Aliniambia baadaye, nikiwa tayari mkaza mwanawe, kwamba bibi yake kwao alifariki bila ubatizo na naye alimwonea haya, tena hakupata nafasi ya kufungua leso. Nilikuwa nimemwogopa mtu aliyekuwa na jeraha kama langu.

Shangazi alibatizwa Pasaka iliyofuata, ameketi kwenye kiti. Alichagua jina la Marta kwa sababu, alisema, huyo angalau alikuwa na kazi jikoni. Alinisamehe, naye aliniambia hivyo kwa kinywa chake. Lakini tangu Jumamosi ile hadi siku alipofariki, nilipobisha hodi kwake hakuniitikia karibu. Aliitika, "Yumo mtu." Alisema akicheka, nami nilicheka naye, na kila mara niliingia nikiangalia chini. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Unateka mengine, unashukuru ukiyapata, lakini yale ya kwanza yameingia mchangani.

Kila mwaka kipindi kama hiki tunasomewa jinsi Bwana mfufuka alivyomngoja Petro ufuoni, amewasha tena moto wa makaa, na kumuuliza mara tatu kama anampenda. Watu hufurahia kwamba Petro alisamehewa. Mimi hufikiria ile mara ya tatu, Injili inaposema alihuzunika. Najua kwa nini.

Basi shika haya ninayokuambia. Mkataa kwao mtumwa, na mtumwa mwenye daftari ni hatari zaidi, kwa sababu anaweza kumfuta mtu kwa kalamu bila kelele. Usimpime mtu kwa kile kilichosimama uani kwake, wala kwa macho ya wageni waliokuja kwa siku moja. Penye moshi pana mtu. Na ukishateleza, usitafute rozari za kujificha nyuma yake. Rudi ulikosemea, useme tena, kwa sauti ileile.

Sasa ile nyumba ya pembeni. Ni ya yule mama anayeuza pombe ya mnazi, najua, na najua mwenzio anasema Padre hapaswi kuonekana penye madumu ya tembo. Leo asubuhi nilipita kwake. Amefagia uwanja hadi barabarani, na madumu yote ameyafunika kwa leso.

Nenda kaliandike jina lake, mwanangu, la tatu kutoka juu. Mungu aliyemwinua Petro akuinue ukianguka, akupe ulimi usiowakana wako, na siku utakayobisha mlango wake akuitikie karibu.