Kwenda Kumpa Pole Shoga Yake

Mama alivunjika nyonga uani kwake Ghubra, Maskati, asubuhi moja ya baridi, alipokuwa akimwagilia mirehani yake. Vigae vilikuwa vimerowa, akateleza, akabaki chini hajiwezi. Aliyemkuta ni shoga yake wa nyumba ya tatu, aliyekuja na sahani ya mikate ya chila kama ilivyokuwa desturi yao. Yeye ndiye aliyenipigia simu. Nikawasha gari kutoka kwangu Al Amerat nikavuka milima, na nilipofika nilimkuta shoga huyo amekaa chini kwenye maji, kichwa cha mama kakipakata.

Lazima nieleze walivyo wale wawili. Mama ni mtu wa Unguja Mjini, mwenzake ni wa Pemba, na hawajaacha kutaniana kwa hilo. Walifika Maskati wakiwa wanawake vijana, kila mmoja na mume wake, wakapata viwanja mtaa mmoja. Walilea watoto pamoja, hata sisi watoto tulikuwa tukila popote tulipokutwa na adhuhuri. Baba alipofariki, shoga huyo alihamia kwetu na godoro lake mpaka mama alipotoka eda.

Hospitali walimfanyia mama operesheni, wakamtia chuma. Alipokuwa bado wodini, mume wa shoga yake akafariki ghafla, usingizini. Tulikaa siku mbili tatu hatujui tumwambieje. Mwishowe nilimwambia mimi. Aligeuza uso ukutani.

"Nani yuko naye?" akauliza.

"Wanawe wote wamekuja, mama."

"Wanawe," akarudia.

Alipokaribia kutolewa, nilikuwa nimeshamtayarishia chumba cha chini nyumbani kwangu, kitanda kipya, choo mlango wa pili. Akaniambia, "Nitakuja kwako kula. Kukaa, sikai." Daktari akatueleza kwamba kituo cha afya cha mtaani kwake kina watu wa serikali wanaowatembelea wazee majumbani, wakawahudumia huko huko. Sikutia maanani sana. Nilidhani atakuja mtu mara moja, ampime presha, aende zake.

Binti yangu, anayesoma chuo, alikubali kulala kwa bibi yake. Na kweli, mama hajamaliza hata wiki nyumbani, muuguzi akabisha hodi. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mtu wa bara ya Oman, hajui Kiswahili ila alimwita mama "yumma", yaani mama kwa Kiarabu, kwa namna iliyomfanya mama amnyooshee mkono mwenyewe apimwe. Alibadilisha bendeji, akamchoma sindano ya kuzuia damu isigande, halafu akaomba kuzunguka nyumba. Alituambia tukunje mazulia yote ya njiani. Alisimama chooni akatazama kuta kwa muda mrefu. Baada ya siku chache wakaja mafundi wakafunga vyuma vya kushikia, na kitanda kikainuliwa.

Kisha akaja binti wa mazoezi ya viungo. Huyu alikuwa na asili ya Unguja, Kiswahili amekipata kwa marehemu bibi yake tu, na alikizungumza kama mtoto mdogo.

"Bibi, mguu gani yako inauma?"

Mama akacheka. Tangu aanguke, nilikuwa sijamsikia akicheka.

Yule binti akakaa kitako kwenye zulia mbele yake, akamuuliza anataka aweze kufanya nini. Nikamjibia mimi. "Aweze kwenda chooni mwenyewe."

Binti akaniitikia kwa kichwa, kwa adabu, lakini macho yake hayakuondoka kwa mama. "Na wewe, bibi?"

"Nnataka nende nikampe pole shoga yangu," mama akasema. "Nyumba ya tatu hapo."

Nikasema hilo halina shida, kiti cha magurudumu tunacho, tungeweza kumpeleka kesho yake. Mama akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyeelewa.

"Nikifika na kigari, yeye ndo ataanza kunipa pole mimi. Ataacha kulia yake alie yangu. Namjua. Mtu kafiwa, simwongezi mzigo mwengine. Nataka anione nimesimama."

Binti aliuliza eda ya jirani inakwisha lini. Miezi minne na siku kumi. Ingekwisha katikati ya joto. Mama alitaka awahi kabla ya hapo. "Tutajaribu," binti akasema. Hakumuahidi zaidi ya hilo.

Alimletea kile chuma cha miguu minne cha kujishikilia. Mama akakitazama, akakipa jina la mbuzi, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa ni "nisogezeeni mbuzi wangu" na "mbuzi kafungwa wapi?" Mwanzoni alitoka kitandani mpaka dirishani. Kisha mpaka jikoni. Baina ya safari moja na nyengine alikaa akihema, jasho linamtoka, na simu pembeni yake. Maana kila siku walipigiana simu, yeye na shoga yake, mmoja hawezi kutoka kwa eda na mmoja hawezi kutoka kwa mguu. Siku moja nilikuwepo adhana ilipotoka, na sauti ya muadhini mmoja ikaingia dirishani na kwenye simu kwa pamoja. Wote wawili wakanyamaza mpaka ilipokwisha.

Mambo yakaharibika siku alipopotewa na nguvu ukumbini. Binti yangu alimdaka, hakuanguka, lakini khofu ilimwingia. Akakataa kuinuka. Alisema mguu hauna makosa, ila moyo hautaki. Muuguzi alipokuja alimpima, akasema hakuna kilichovunjika wala kuvimba, tumpe muda. Mimi muda nikauona mwingi. Nikaanza kukusanya nguo zake kwenye begi ili nimpeleke kwangu, na safari hii hakubisha. Kule kutobisha kwake kuliniuma kuliko alipokuwa akikataa.

Nilikuwa nakunja leso zake simu ilipolia. Mama hakutaka hata kuishika, akaniambia niweke sauti ya nje. Shoga yake alikuwa na sauti ndogo siku ile.

"Wanakuja watu, wote wananambia nisubiri, nisubiri," akasema. "Wewe tu ndo hujanambia kitu."

Mama akaisogelea simu. "Sijakwambia kwa sababu sijafika," akasema. "Maneno hayo sikwambii kwenye simu."

"Basi njoo."

"Nnakuja."

Simu ilipokatika, akaniuliza mbuzi wake nimemweka wapi. Nikaliacha begi lilivyo, nikaenda kumleta.

Binti wa mazoezi alipokuja tena, alianza naye upya kutoka kitandani mpaka dirishani, bila kulaumu. Joto lilikuwa limeshaanza, kwa hivyo wakawa wanatoka mpaka getini asubuhi mapema. Pale kwenye ukingo wa njia ndipo walipotumia muda mwingi. "Kupanda, mguu mzima kwanza. Kushuka, mgonjwa kwanza," binti alimfundisha, na mama akawa anayarudia kwa sauti kama anayehifadhi sura.

Siku ya kwenda, alivaa nguo yake nzuri na akajifukiza udi. Niliomba ruhusa kazini. Binti wa mazoezi alitembea ubavuni pake, hakumgusa, ila mkono wake ulikuwa tayari nyuma ya mgongo. Mimi nilifuata na kigari kitupu. Mama aligeuka mara moja tu kuniambia, "Kaa mbali na hicho, asije akakiona." Mtu mmoja aliyekuwa akiosha magari alituona tunakuja, akafunga maji, akachukua ufagio akayasukuma yaliyotapakaa njiani mpaka pembeni. Mama akamwombea dua bila kusimama. Ukutani kwa nyumba ya pili alipumzika, uso umemwiva, na nilitaka kusema basi inatosha. Binti alinikonyeza ninyamaze.

Shoga yake alikuwa sebuleni, kwenye godoro lake. Mama akasimama mlangoni, mikono juu ya mbuzi, anahema.

"Umekuja na nani?" shoga yake akauliza.

"Nimekuja na miguu yangu."

Tukamwekea kiti, maana chini hawezi kukaa. Mwenzake akajisogeza juu ya godoro mpaka alipomfikia, akaweka kichwa mapajani mwa mama. Mama akamvua mtandio, akawa anampapasa mvi zake taratibu, na yale maneno ambayo hakutaka kuyasema kwenye simu akamwambia pale, kwa sauti ya chini ambayo sikuisikia. Shoga yake alilia kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia mbele ya watoto wake. Mimi na binti tulitoka uani. Baada ya muda tukasikia wanabishana, mama akidai marehemu alikuwa akipenda samaki wa nazi wa Unguja kuliko wa Pemba.

Tulipomwendea, akauliza kigari kiko wapi, amechoka. Alirudi nyumbani amekaa, mikono mapajani, hana aibu hata kidogo.

Muuguzi bado anakuja, siku hizi si mara kwa mara kama mwanzo. Binti yangu amerudi nyumbani. Shoga yake alipotoka eda akawa anakuja kwa mama kila alasiri, na mara nyengine mama ndiye anayekwenda. Chumba kile cha chini kwangu amehamia mwanangu wa kiume na vitabu vyake. Wiki iliyopita nilipiga simu kusema nitapita Jumanne baada ya kazi, mama akaniambia nije Jumatano, Jumanne wao wana shughuli zao. Nilimuuliza shughuli gani. Akasema, "Zetu."